Nimpigeje picha ndege wa msituni kabla jua halijapanda?

Dada mmoja, muuguzi hapa Nairobi, ameniandikia hivi:

"Habari yako mwalimu. Kazini naingia saa mbili asubuhi, kwa hiyo muda wangu wa ndege ni kati ya saa kumi na mbili, lango la Msitu wa Karura linapofunguliwa, na saa moja na nusu. Wiki iliyopita shorobo, yule ndege wa kijani mwenye mabawa mekundu, alitua kwenye mugumo (mkuyu mkubwa), mita kumi na tano hivi kutoka nilipokuwa. Nilipiga zaidi ya picha sitini. Zote ni nyeusi, na nikizipandisha mwanga kwenye kompyuta zinajaa chenga kama televisheni ya zamani. Kamera yangu ni ya sensa ndogo, lenzi ni ya milimita 150-600, f/5-6.3. Nilitumia shata ya 1/1000 ya sekunde kwa sababu niliambiwa ndege hapigwi chini ya hapo, na ISO 800 kwa sababu niliambiwa ikizidi hapo picha inaharibika. Rafiki yangu anasema ninunue lenzi ya f/4 au nitumie fleshi. Nifanye nini?"

Dada, umefanya jambo jema kuniandikia namba zako zote. Kwa namba hizo naweza kukujibu bila kubahatisha: lenzi yako haina kosa. Umefuata masharti mawili uliyopewa na watu, na masharti hayo mawili hayawezi kukaa pamoja alfajiri chini ya miti ya Karura.

Tufanye hesabu kidogo. Jua likiwa ndiyo kwanza limechomoza, chini ya miti iliyofungamana, mara nyingi kamera yangu hunionyesha kwamba kwa f/6.3 (upana wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana) na ISO 100 (kiwango cha kamera kukuza mwanga ilioupata) shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kuingia, inataka kukaa wazi karibu nusu sekunde. Kila unapoizidisha ISO mara mbili, muda huo unapungua nusu. Kwa hiyo kwa ISO 800 ulihitaji karibu 1/15 ya sekunde. Wewe ulipiga 1/1000. Kutoka 1/15 hadi 1/1000 ni hatua sita, na kila hatua inakata mwanga nusu: nusu, robo, thumni, hivyo hivyo mpaka ukabaki na sehemu moja kati ya sitini na nne ya mwanga uliohitajika. Kamera ilipewa kikombe, ikaombwa ijaze pipa.

Sasa hizo chenga. Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi sana wameharibiwa asubuhi zao na maneno ya "usivuke ISO 800".

Panga masufuria kumi uani mvua inapoanza. Yale matone ya kwanza hayagawanyiki sawa: sufuria moja lina matone matatu, jirani yake lina moja, la tatu ni kavu kabisa. Mvua ikinyesha saa nzima, masufuria yote yanaonekana sawa. Tofauti bado ipo, ila imemezwa na wingi wa maji. Sensa ya kamera ni uwanja wenye mamilioni ya masufuria kama hayo, na mwanga nao hunyesha kwa matone. Ukiwa haba, vidoa viwili vilivyo jirani kwenye bawa lilelile la kijani vinapata matone yasiyolingana, na kutolingana huko ndiko macho yako yanakuona kama chenga. Ukipata mwanga mara nne, chenga zinapungua nusu ukizilinganisha na picha yenyewe. Hakuna kamera ya bei yoyote inayokwepa jambo hili, kwa sababu linatokana na mwanga wenyewe.

ISO haiongezi tone hata moja. Ni kama kitufe cha sauti kwenye redio: stesheni ikiwa mbali, ukikizungusha, sauti ya mtangazaji inapanda na mkwaruzo unapanda nayo. Mkwaruzo haukuletwa na kitufe. Uliposhikilia ISO 800 kisha ukaiinua picha kwenye kompyuta, ulizungusha kitufe hichohicho, ila kwa kuchelewa. Kwenye kamera nyingi, picha ya ISO 6400 iliyopata mwanga wake inatoka safi kuliko ya ISO 800 iliyoinuliwa hatua tatu, hata shata na tundu la lenzi vikiwa vilevile. Kwenye kamera za miaka ya karibuni tofauti inaweza kuwa ndogo sana, lakini hata huko ile ya 800 haikupunguzii chenga. Kwa hiyo hofu yote uliyoielekeza kwa ISO, ihamishie kwa uhaba wa mwanga. Shughuli yetu asubuhi ni kutafuta matone.

Penye matone mengi zaidi ni kwenye shata, na haligharimu shilingi. Anayeruka ndiye wa 1/1600 au zaidi, na alfajiri msituni sihangaiki naye. Namtazama tu akipita, yale mabawa mekundu yakifunguka. Aliyetua ni habari nyingine. Shorobo ana tabia moja nzuri kwa mpiga picha: hukimbia juu ya matawi kama kindi, kisha husimama ghafla, huinua kishungi chake, hutulia akisikiliza. Kutulia huko huchukua sekunde moja, mbili, wakati mwingine tano. Ndani ya sekunde hizo 1/125 inatosha, na ninazo picha kali kabisa nilizozipiga kwa 1/60. Kutoka 1/1000 hadi 1/125 umejiongezea mwanga mara nane. Kwa f/6.3, hapo ISO inatua kwenye 6400, na picha inakuwa na mwanga wake wote.

Ukikutana na kurumbiza akiimba chini kichakani, ongeza hadi 1/250, kwa sababu ndege anayeimba anatikisika mwili mzima hata kama miguu haijasogea. Ukitaka mdomo wazi na macho makali kwa pamoja, subiri mwisho wa ubeti wake. Kuna kipumziko kidogo hapo kabla hajafunga mdomo.

Tatizo la shata ya polepole ni mikono yetu wenyewe. Kanuni ya zamani inasema shata isiwe polepole kuliko moja chini ya urefu wa lenzi, na kwa sensa ndogo unazidisha urefu huo kwa 1.5. Milimita 600 zako zinakuwa 900, yaani 1/900. Ndiyo maana uliambiwa 1/1000. Ushauri huo ulikuwa na maana yake kabla ya lenzi kuwekewa mfumo wa kuzuia mtikisiko. Mfumo huo ukikuokolea hatua nne, 1/900 inashuka hadi karibu 1/60. Lakini kumbuka unatuliza mikono yako tu. Ndege akigeuza kichwa, hauna msaada wowote.

Kwa hiyo tafuta pa kuegemea. Shina la mti linatosha: bega la kushoto kwenye shina, viwiko vimebanwa kifuani, pumzi nusu nje, kidole kinasukuma polepole kama unayemwamsha mtoto. Piga mfululizo wa picha tano au sita kila anapotulia. Ya kwanza huwa imetikiswa na kidole, na mara nyingi ya tatu au ya nne ndiyo kali. Kama kamera yako ina shata ya kielektroniki, itumie kwa ndege aliyetulia tu. Kwa anayeruka, kwenye kamera nyingi mabawa yatatoka yamepindika. Monopodi, ule mguu mmoja wa kushikilia kamera, ni rafiki mzuri wa Karura kwa sababu haikufungi mahali pamoja. Tripodi huiacha nyumbani isipokuwa naenda kwa bundi. Na ukiingia Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako unapiga ukiwa ndani ya gari, chukua kitambaa kizito cha jinzi, mpe fundi wa nguo akushonee mfuko wenye ukubwa wa mto mdogo, ujaze ndengu au mchele, uulaze kwenye dirisha. Zima injini. Lenzi ya milimita 600 ikilala juu ya kilo mbili za ndengu inatulia kuliko kwenye vyuma vingi nilivyowahi kununua.

Shata ikishatulia, yafaa uujue mwanga wa mji wetu wenyewe, maana mashauri mengi ya intaneti yameandikwa na watu wenye alfajiri ndefu. Sisi tuko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Jua letu hupanda karibu wima. Mwaka mzima linachomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini, na kutoka wakati unaweza kusoma gazeti nje hadi jua lenyewe kutokea ni dakika ishirini tu. Ndani ya dakika hizo ishirini mwanga huzidi maradufu kila baada ya dakika chache. Fikiria maana yake: kutoka f/6.3 hadi f/4, ile lenzi ya rafiki yako, ni hatua moja na theluthi. Kusubiri dakika tano kabla ya jua kuchomoza kunaweza kukupa kiasi hicho, bure.

Ndiyo sababu nakushauri ugeuze mpangilio wa asubuhi yako. Najua lango likifunguliwa mtu anataka kukimbilia penye kiza, kwenye muhugu na migumo mikubwa, kwa sababu ndiko sauti zinakotoka. Usiende huko kwanza. Anza mahali penye anga: kando ya lile ziwa dogo la mayungiyungi, au ukingoni mwa mashamba ya mikaratusi yaliyokatwa, ambako mwanga unakufikia mapema. Hapo piga kwarara, njiwa, mdiria akitokea. Jua likiwa limepanda kidogo, tuseme saa kumi na mbili na dakika hamsini, ndipo uingie ndani. Utakuwa na dakika arobaini za mwanga laini kabla hujakimbilia kazini, na kwangu hizo ndizo dakika bora za siku nzima. Usiwaonee wivu wanaokuja saa nne. Saa nne jua linapenya kwa mabaka: shavu la ndege linawaka, tumbo limo kizani, na hakuna kamera inayovipatanisha viwili hivyo vizuri.

Kuanzia Juni hadi Agosti mambo yanabadilika. Yale mawingu mazito ya kijivu yanakaa juu ya mji asubuhi nzima, na msituni unapoteza hatua moja au mbili nyingine. Watu wengi hufungia kamera kabatini msimu huo. Mimi ndio msimu ninaompenda shorobo, kwa sababu chini ya wingu kijani chake hakina mng'aro mweupe juu yake. Kinatoka kizito, karibu na samawati, kama kilivyo. Nakubali ISO 8000, hata 10000, napata rangi ambayo Januari hainipi.

Na kwa kuwa tumegusa rangi: wekundu wa mabawa ya shorobo unatokana na rangi halisi yenye shaba ndani yake, inayoitwa turasini, na kijani chake nacho ni rangi halisi. Kwa ndege wengine wengi kijani tunachokiona ni mchezo wa manjano na jinsi manyoya yanavyotawanya mwanga. Turasini haijulikani kwa ndege wa jamii nyingine. Nakuambia haya kwa sababu ukimpiga katika giza mno, wekundu ndio wa kwanza kufa. Mwanga wa chini ya majani umechujwa na majani yenyewe, kijani kimebaki na nyekundu imeliwa, kwa hiyo upande mwekundu wa picha unapata matone machache kuliko ule wa kijani. Ukimwona ananyoosha bawa akiwa ametua, mpe mwanga hata kama anga nyuma yake itaungua.

Lakini hapo pia kuna mtego, na naamini ulikutana nao. Mugumo ulikuwa juu, na nyuma ya shorobo palikuwa na vipande vya anga nyeupe. Kamera ikiachwa ijipimie inaziona zile nyeupe, inadhani mandhari yote inang'aa, inapunguza mwanga, na ndege anageuka kivuli. Tafuta kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze hatua moja, hata mbili. Anga itapotea na iende zake. Akishuka mbele ya shina jeusi, rudisha sifuri, na kama ni ndege mwenye weupe mwingi, toa theluthi mbili. Mimi huweka kamera kwenye M, nachagua shata na tundu mwenyewe, naiachia ISO ijiamue hadi kikomo cha 12800, kisha kidole gumba changu kinashughulika na kitufe hicho tu. Kama kamera yako hairuhusu kujumlisha na kutoa kwenye M ikiwa ISO inajiamua, tumia ile modi ya kuchagua shata; kwa kuwa mwanga ni mdogo, tundu litabaki limefunguka mpaka mwisho vilevile. Usilifunge hadi f/8 eti lenzi ni kali zaidi hapo. Ni kweli mara nyingi inakuwa kali zaidi kidogo, ila kwa mwanga ule ukali huo utaliwa na chenga.

Fokasi sina mengi. Weka nukta moja, ile ya katikati, juu ya jicho, na kama jicho halishikiki, tafuta mpaka kati ya rangi mbili, kama ule weupe ulio mbele ya jicho la shorobo. Kamera inahitaji tofauti ya mwangaza ili ishike. Ukiielekeza kwenye kijani kitupu kizani itayumba mbele na nyuma mpaka ndege aondoke.

Umbali nao nina neno juu yake. Mita kumi na tano ni karibu kwa mtu, ila bado ni mbali kwa shorobo. Ukiweza kuwa mita saba na nusu, ndege anachukua eneo mara nne kwenye sensa, na chenga zilezile zinaonekana ndogo kwa sababu huhitaji kukata picha. Mita hizo usizipate kwa kumfuata. Shorobo anayefuatwa hupanda juu. Zipate kwa kukaa. Mugumo wenye matunda mabivu ni hoteli: wanakuja, wanaondoka, wanarudi, siku baada ya siku mpaka matunda yaishe. Kaa chini upande ambao jua liko mgongoni mwako, vaa nguo zisizong'aa, zima mlio wa simu, na usimame pale tu unapoondoka. Siku ya tatu utakuwa sehemu ya mti. Ukipata mapumziko siku ya Jumatano, nenda na matembezi ya ndege ya asubuhi ya shirika la Nature Kenya yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Kuna watu pale watakaokuambia ni mti gani unazaa wiki hii na wapi, na hilo lina thamani kuliko lenzi. Arboretamu pia ni pazuri alfajiri, ila imekaa jirani na Ikulu, kwa hiyo lenzi yako ndefu isielekee upande ule hata kama ndege ameelekea huko.

Sasa fleshi. Mchana, kwa ndege wa kawaida, mwanga kidogo wa kujazia sina ugomvi nao mkubwa, ingawa siupendi: mita kumi na tano ni mbali, na unachopata ni doa jeupe machoni. Usiku, kwa bundi, nakuomba usifanye.

Nilifanya mwenyewe zamani. Nyumbani kwa jamaa yangu upande wa Barabara ya Ngong kulikuwa na bundi wa msituni, yule mwenye macho meusi, aliyekuwa akiita kila magharibi kutoka kwenye mti uliokuwa nyuma ya nyumba. Nilikuwa na fleshi mpya. Nilimpiga mara tatu mfululizo kutoka karibu, na alipojirusha alikosa tawi lililokuwa mbele yake, akaligonga, akaanguka kwenye nyasi. Alikaa pale mdomo wazi kwa muda ambao mpaka leo nauona mrefu, kisha akaruka chini chini akapotea. Jicho la bundi limeumbwa kukusanya kila tone la mwanga usiku. Sisi wenyewe, wenye macho madogo, tukitoka kwenye taa tunahitaji karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu. Yeye ana matawi ya kukwepa na chakula cha kutafuta. Sijarudia, na picha zile tatu nilizifuta.

Tena wewe unajua jinsi bundi anavyoonwa mitaani kwetu. Akilia juu ya paa, kuna mtu anatafuta jiwe, kwa sababu inasemekana ameleta msiba. Yule jamaa yangu alikuwa amekwisha ombwa na jirani amfukuze. Miezi kadhaa baadaye nilimpata bundi yuleyule, au mwenzake, amelala mchana ndani ya msongamano wa majani kwenye mti wa jirani. Tripodi, 1/30, ISO 1600, kamera kwenye kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiiguse. Bundi anayelala hatikisiki, na kwa 1/30 unapata kila unyoya. Nilichapisha picha hiyo kwenye karatasi ya A4 nikampa yule jirani. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama anakula panya. Nilipomwambia ndiyo, panya na wadudu, akaiweka sebuleni. Ule mti bado upo. Ndiyo maana nasisitiza ujifunze mwanga hafifu bila kuwaumiza: kuna ndege ambao picha nzuri ndiyo ulinzi wao.

Kwa roho hiyohiyo, usicheze mlio wa ndege kwenye simu ili aje. Na ukikuta kiota cha yule tai mkubwa wa msituni mwenye kishungi, anayekamata kima na paa pale Karura, rudi nyuma, piga kutoka mbali, uondoke. Kinda wake huendelea kulishwa karibu mwaka mzima baada ya kuanza kuruka, kwa hiyo jozi hiyo kwa kawaida hulea mara moja tu katika miaka miwili. Ukiwavurugia, umewaharibia miaka miwili.

Kwenye kompyuta, kwanza hakikisha unapiga faili ghafi, zile zilizoandikwa RAW kwenye menyu. Faili ya JPEG ya ISO 6400 imeshapakwa mafuta na kamera yenyewe na manyoya yamekwisha yayuka. Programu za siku hizi za kuondoa chenga zina uwezo mkubwa, na huwa naziachia zifanye kazi nusu tu: mandharinyuma nayasafisha, ndege nambakishia chenga kidogo. Manyoya yasiyo na chenga hata moja yanafanana na plastiki. Punguza ule ukijani wa majani kwa kusogeza rangi kidogo kuelekea zambarau, ukitazama sehemu nyeupe ya ndege. Shorobo ana alama nyeupe usoni, hiyo ndiyo mizani yako. Kisha acha kukuza picha hadi asilimia mia ukitafuta makosa. Hakuna atakayeitazama hivyo isipokuwa wewe.

Lenzi ya f/4? Ya milimita 600 ikiwa mpya inazidi shilingi milioni moja na uzito wake ni karibu kilo tatu, na utaibeba kutoka lango hadi mugumo na kurudi kabla ya zamu ya kutwa nzima ya kusimama. Ukitamani sana hatua hiyo moja na theluthi, tafuta 300 ya f/4 iliyotumika. Utakuwa umepoteza nusu ya urefu, kwa hiyo inamfaa mtu aliyejifunza kukaa chini ya mti mmoja. Usiiwekee kiongeza urefu cha 1.4, maana kinakula hatua moja nzima, nawe utakuwa umerudi karibu na ulipoanzia. Mimi kwa sasa ningenunua monopodi na jinzi ya fundi.

Kwa hiyo rudi kwenye mugumo uleule kabla matunda hayajaisha. Ingia msituni saa kumi na mbili na dakika hamsini. M, f/6.3, anza na 1/250, ISO ijiamue, jumlisha moja. Ukishapata picha mbili tatu za kujihakikishia, shuka 1/125, umsubiri atulie, kisha shuka 1/60 huku bega likiwa kwenye shina. Zitakazotikisika zifute bila huzuni. Kati ya sitini, tano kali ni asubuhi njema sana. Zikitoka, nitumie faili ghafi ya ile iliyo bora na ya ile iliyo mbaya zaidi. Hiyo mbaya ndiyo nitakayoitazama kwanza.